Supu ya taco isiyokula pesa: maharage mengi, nyama kidogo

Taco ni chakula cha Meksiko: mkate mwembamba wa mahindi, tortilla, uliokunjwa na kutiwa nyama iliyoungwa. Supu ya taco ni ya Marekani. Ilitoka kwenye majiko ya nyumbani ya huko, ambako mpishi hukaanga nyama ya kusaga, akafungua makopo matatu au manne, akamwaga pakiti ya viungo, na chakula kikawa tayari kabla nusu saa haijaisha. Wameksiko wana supu yao ya tortilla, nayo hupikwa kwa njia nyingine kabisa.

Kwa makopo na pakiti supu hii ni nyepesi kupika, lakini gharama yake inategemea bei ya makopo, na ladha yake inategemea chumvi ya kiwandani. Hapa tunaipika kwa maharage makavu, nyanya mbichi na viungo vya kuchanganya mwenyewe. Kinachomfanya mlaji atambue kwamba hii ni taco ni bizari nyembamba iliyokaangwa kwenye mafuta, nyanya iliyopikwa mpaka ubichi ukaisha, na ndimu inayokamuliwa mwishoni. Nyama inaongeza utamu, ila haishiki ladha ya taco. Ndiyo maana robo kilo inatosha watu sita, na ukiiondoa kabisa supu bado inabaki ya taco.

Viungo, maana hapa ndipo wengi wanapotea

Mapishi mengi ya supu hii yameandikwa na Wamarekani, na ndani yake utakuta vijiko viwili vya chakula vya "pilipili ya unga". Usifuate hivyo hivyo. Wanachokiita hivyo ni mchanganyiko: pilipili kavu zisizo kali sana, zikachanganywa na bizari nyembamba, oregano, kitunguu saumu cha unga na mara nyingine chumvi. Pilipili nyekundu iliyosagwa tupu ni kali kuliko hiyo kwa mbali. Tia vijiko viwili vya chakula vya pilipili tupu kwenye sufuria ya watu sita, na hakuna atakayemaliza bakuli.

Mtego wa pili ni neno bizari. Kuna wanaolitumia kwa manjano, na kuna wanaolitumia kwa ule mchanganyiko wa njano wa kuungia mchuzi. Hapa inatakiwa bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira au uzile: mbegu nyembamba za kahawia zenye mistari, harufu yake nzito, ya joto, inayobaki mkononi. Zinafanana sana na shamari. Ukiwa na shaka, tafuna mbegu moja. Shamari ni tamu na inaburudisha kinywa kama peremende. Bizari nyembamba ina uchungu kidogo na haina utamu wowote. Ukikosea na kutia shamari, supu itaelekea kwenye pipi, na hakuna kiungo kitakachoirudisha.

Mchanganyiko wa sufuria moja ni huu:

- paprika, kijiko 1 cha chakula
- bizari nyembamba ya unga, vijiko 2 vya chai
- giligilani ya unga, kijiko 1 cha chai
- oregano kavu, kijiko 1 cha chai
- pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- pilipili kali ya unga, robo kijiko cha chai
- chumvi, kijiko 1 cha chai

Robo kijiko ya pilipili kali inatoa joto la upole ambalo hata asiyependa pilipili atalivumilia. Wanaopenda wawashwe waongeze kwenye bakuli zao. Pilipili ikishaingia kwenye sufuria haitoki.

Paprika kazi yake kubwa ni rangi na utamu. Ukiikosa, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha nyanya nzito ya kopo na utumie pilipili hoho nyekundu badala ya kijani. Oregano ya Meksiko ni mmea tofauti na oregano ya Mediterania, lakini iliyo rahisi kupatikana inafaa. Ikikosekana, tumia majoram kavu au acha kabisa. Usibadilishe kwa rosemari, itafunika kila kitu.

Bizari nyembamba ikiwa nzima, itie kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika moja hadi mbili, huku ukitikisa. Harufu ikipanda na rangi ikaanza kukoza, iondoe hapo hapo uimwage kwenye sahani, kwa sababu kikaango chenye moto kinaendelea kuichoma hata jiko likiwa limezimwa. Kisha twanga. Ya kutwanga saa hiyo hiyo ina nguvu kuliko ya pakiti, kwa hiyo anza na kijiko kimoja na nusu badala ya viwili.

Ukipenda supu hii, zidisha vipimo mara tano, acha chumvi nje, na uweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mbali na jiko na mwanga. Chumvi inaachwa nje ili uweze kuipima kwa kila sufuria. Maharage ya kopo huja na chumvi yake na ya kupika nyumbani huenda hayana. Viungo vya unga hupungua harufu polepole. Baada ya miezi sita hivi vinuse: ukilazimika kuingiza pua ndani ya chupa ndipo usikie kitu, ongeza kipimo au tengeneza vipya.

Mahitaji ya watu sita

Sufuria iwe ya lita 4 na kitako kizito. Kikombe hapa ni mililita 250.

- mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula
- nyama ya kusaga, gramu 250
- kitunguu maji kikubwa 1, kama gramu 200
- pilipili hoho 1
- kitunguu saumu, punje 4
- nyanya nzito ya kopo, vijiko 2 vya chakula
- nyanya mbichi zilizoiva sana, gramu 500, au kopo moja la gramu 400
- maharage yaliyoiva, gramu 500 (ni kama gramu 200 yakiwa makavu)
- punje za mahindi laini, kikombe 1
- maji, au maji yaliyochemshia maharage, lita 1
- unga wa mahindi, vijiko 2 vya chakula
- ndimu 1
- chumvi ya kurekebishia

Maharage mekundu au meusi ndiyo yanayozoeleka kwenye supu hii, lakini ya rangi yoyote yanafaa. Ukichanganya aina mbili, chemsha kila moja peke yake; haziivi kwa muda mmoja.

Maharage makavu

Gramu 200 za maharage makavu zikiiva zinafika karibu nusu kilo, sawa na makopo mawili ya gramu 400 yakishachujwa. Ukinunua kopo unalipia pia maji na bati, na hapo ndipo tofauti kubwa ya gharama ilipo.

Chambua, osha, loweka kwa saa 8 hadi 12 kwenye lita moja ya maji yenye nusu kijiko cha chakula cha chumvi. Ile imani kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu haina msingi. Chumvi ya kulowekea hulegeza ganda, kwa sababu sodiamu inaingia mahali pa kalisi na magnesi zinazolishikilia. Maharage yanaiva bila kupasuka ovyo. Kinachoyafanya yabaki magumu ni asidi, na nyanya ina asidi ya kutosha. Maharage yasiyoiva vizuri ukiyatia kwenye nyanya, utachemsha saa mbili zaidi na bado utayasikia yakiuma. Kwa hiyo yaive kwanza, peke yake, kisha ndiyo yakutane na nyanya.

Mwaga maji ya kulowekea. Tia maji mapya yafunike maharage kwa sentimita 5, chemsha kwa moto mkali yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili, na ukitaka kuwa na hakika zaidi fika 30. Hili si jambo la ladha. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache hata kwa kula maharage machache tu. Kuchemsha kwa nguvu huiharibu. Joto dogo haliiharibu, na linaweza hata kuiongezea makali. Ndiyo sababu maharage makavu hayatiwi moja kwa moja kwenye jiko la umeme la kupikia polepole: huko joto linaweza kubaki chini ya kiwango cha kuchemka kwa saa nyingi. Ukitaka kulitumia, chemsha kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

Baada ya hapo punguza moto, funika nusu, acha yatokote taratibu kwa dakika 45 hadi 90. Yameiva pale unapobana harage moja kati ya ulimi na kaakaa likasagika bila kuacha punje ngumu katikati. Jaribu matano, si moja. Yakikataa kulainika baada ya saa mbili, ama yamekaa ghalani miaka mingi, ama maji yako yana madini mengi. Robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda husaidia kwa maji ya aina hiyo. Usizidishe, yatakuwa uji na yatanuka sabuni.

Maji yaliyoyaivisha usiyamwage. Ni mazito, yana rangi na ladha, nayo ndiyo yatakayokuwa supu. Ya kumwaga ni yale ya kulowekea tu.

Kupika

Pasha sufuria kwa moto wa juu kidogo ya wastani, tia kijiko kimoja cha mafuta. Tandaza nyama kama mkate mmoja bapa kwenye kitako chote, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha iache. Usiiguse kwa dakika 3 hadi 4. Nyama hubadilika rangi na kutoa harufu ya kuchomwa ikiwa uso wake ni mkavu na wenye joto kali. Ukiikoroga tangu mwanzo inatoa maji, inachemka ndani ya maji yake, na unabaki na chembe za kijivu zisizo na ladha. Upande wa chini ukishakuwa kahawia, igeuze vipande vipande, ipe dakika 2 nyingine, ndipo uivunje kwa mwiko. Kama ilikuwa kwenye barafu, iyeyuke yote kwanza na uichuje. Nyama ya kusaga haioshwi. Maji yanairudisha kule kwenye kuchemka, na yanarushia vijidudu kwenye sinki na vyombo.

Itoe, iweke kwenye sahani. Mafuta yakiwa mengi, bakiza kijiko kimoja tu. Nyama inatolewa kwa sababu mbili: vitunguu vipate nafasi ya kukaangika, na kama viungo vikiungua hatua inayofuata, nyama iwe imesalimika.

Ongeza kijiko cha pili cha mafuta, tia kitunguu na hoho zilizokatwa vipande vidogo vya sentimita moja. Ule ukahawia ulioganda chini ya sufuria utalainika kwa maji ya kitunguu. Ukwangue na mwiko, ni mali. Baada ya dakika 6 hadi 8, kitunguu kikiwa laini na kingo zake zimeanza kuwa dhahabu, tia kitunguu saumu kilichopondwa, sekunde 30 tu.

Sukuma vitu pembeni, weka nyanya nzito ya kopo katikati, ikaange dakika 2 huku ukiikoroga. Itatoka kwenye wekundu mkali hadi rangi ya matofali na mafuta yatajitenga kingoni. Usipofika hapo, supu itakuwa na ukali wa bati ambao watu huuondoa kwa sukari bila kujua chanzo chake.

Sasa punguza moto na umwage mchanganyiko wote wa viungo. Koroga mfululizo, sekunde 30 hadi 60. Sehemu kubwa ya harufu ya bizari na rangi ya paprika huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kijiko kile kile kikitiwa baadaye, supu ikishakuwa imejaa maji, kinatoa ladha hafifu yenye uvumbi. Ila viungo vya unga vinaungua haraka kuliko kitu chochote kingine humo, na paprika ndiyo ya kwanza kwa sababu ina sukari. Kuwa na nusu kikombe cha maji mkononi. Harufu ikijaa jikoni, mwaga maji hayo upesi ili kuzuia joto lisipande zaidi.

Tia nyanya zilizokatwa au kusagwa pamoja na maji yake. Pika bila kufunika dakika 8 hadi 10, mpaka ziwe rojo na mwiko ukipita uache njia kwa muda kidogo. Hapa ndipo haraka ya watu inapowaponza: wakiona nyanya zimeyeyuka wanaongeza maji mara moja, na supu inabaki na ladha ya nyanya mbichi hata ikichemka saa nzima.

Rudisha nyama na juisi yake, tia maharage na lita moja ya maji. Chukua upawa mmoja wa maharage, uyaponde vizuri kwenye bakuli, uyarudishe. Hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kuipa supu mwili. Ikichemka, punguza moto, funika nusu, acha itokote taratibu dakika 15.

Koroga unga wa mahindi kwenye nusu kikombe cha maji baridi. Yawe baridi, ya moto yatafanya mabonge. Mimina polepole huku ukikoroga sufuria, tia na mahindi laini, pika dakika 12 zaidi. Unga huu ndio unaoleta ile ladha ya tortilla nyuma ya supu. Ukipata unga maalumu wa tortilla, ambao mahindi yake yalichemshwa kwanza kwenye maji ya chokaa, harufu itakuwa yenyewe kabisa na dakika 5 zitatosha. Wa kawaida unahitaji dakika zote 12, la sivyo ulimi utahisi mchanga. Mwiko upite chini ya sufuria kila baada ya dakika mbili, kwa kuwa unga hukimbilia kitako na kuganda.

Zima moto. Kamua ndimu nusu, koroga, onja, kisha amua kuhusu nusu ya pili. Acha supu itulie dakika 10 ikiwa imefunikwa, uonje tena, ndipo urekebishe chumvi. Supu inayochemka huunguza ulimi na kuficha chumvi, kwa hiyo anayeonja kwenye moto karibu kila mara huzidisha.

Kasoro na tiba zake

Supu iliyopooza, isiyo na uso, mara nyingi haihitaji viungo zaidi. Inahitaji asidi au chumvi. Chota kidogo kwenye kikombe, kamua matone ya ndimu, onja. Isipobadilika, jaribu chembe za chumvi. Kikombe kitakuambia nini kinakosekana kabla hujagusa sufuria nzima. Ikithibitika kwamba viungo ndivyo vichache, usivinyunyize juu. Pasha kijiko cha mafuta kwenye kikaango kidogo, kaanga kijiko kimoja cha chai cha bizari na paprika kwa sekunde 20, umwage humo.

Uchungu unaotoka kwenye viungo vilivyoungua hauna dawa. Ukisikia harufu ya moshi mkali na kuona weusi kabla hujatia nyanya, mwaga, osha sufuria, anza na kitunguu kingine. Umepoteza kitunguu na vijiko vichache vya viungo. Ukiendelea, utapoteza maharage na nyanya pia.

Ukali wa nyanya changa hupungua kwa chembe za bikaboneti ya soda, kama moja ya nane ya kijiko cha chai. Itatoa povu kidogo, ikitulia, onja. Sukari inafunika tu, na nusu kijiko ndiyo mwisho.

Chumvi ikizidi, ongeza maji na maharage yasiyotiwa chumvi. Ule ushauri wa kutia kiazi ili kinyonye chumvi hausaidii kitu: kiazi hunyonya maji yenye chumvi kama yalivyo, na yaliyobaki yana ukali ule ule. Pilipili ikizidi, maji hayatoshi, kwa kuwa kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta. Mtindi mzito au parachichi kwenye bakuli hutuliza vizuri zaidi.

Supu nyepesi kama maji ifunuliwe na ichemke dakika 10, au ponda maharage zaidi. Usikimbilie kuongeza unga, utakuja kukuta uji kesho yake. Mafuta yakielea juu, egesha sufuria upande mmoja na uyachote na kijiko.

Kupunguza gharama zaidi

Badala ya nyama, tumia gramu 150 za kamande, ambazo wengine huziita adesi au dengu za kahawia. Hazihitaji kulowekwa. Zichemshe kwenye maji matupu dakika 20 hadi 25, zilainike bila kupondeka, uzitie pamoja na maharage. Zinachukua viungo vizuri na mguso wake unakaribia nyama ya kusaga. Nyama ya soya ya chembe ni njia nyingine: gramu 80 zikae kwenye maji ya moto dakika 10, zikamuliwe kwa nguvu mpaka zisitoe maji, kisha zikaangwe kama nyama. Isipokamuliwa, inabaki na harufu ya maharage mabichi.

Ukiwa na mapaja mawili ya kuku yenye mfupa, yachemshe kwenye ile lita ya maji dakika 30 hadi 35, chambua nyama, na maji hayo yawe ndiyo supu. Mifupa inakulipa mara mbili hapo, na kidonge cha supu hakihitajiki. Ukilazimika kutumia kidonge, punguza ile chumvi ya viungo iwe nusu, maana sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi.

Mahindi mabichi ya kukata kwenye gunzi ni mazuri kuliko ya kopo. Ukishakata punje, kwangua gunzi kwa mgongo wa kisu: yale maziwa yanayotoka ni unga wa bure wa kuongezea uzito. Mahindi makavu hayafai bila kuchemshwa peke yake saa nyingi.

Kwenye bakuli

Supu hii inataka kitu kinachovunjika, kitu baridi na kitu kibichi. Tortilla zilizochina zikatwe vipande vyembamba, zipakwe mafuta kidogo, ziokwe kwa nyuzi 180 dakika 10 hadi 12; zitakuwa ngumu zaidi zikipoa, hivyo zitoe zikiwa bado zinakunjika kidogo katikati. Zitiwe juu wakati wa kula, si kabla. Parachichi, jibini la kukwaruza, majani ya kotimiri, kitunguu kibichi kilichokatwa vidogo na kukamuliwa ndimu: chagua viwili vinavyopatikana kwa bei nzuri. Mtindi mzito uwekwe kwenye bakuli, usitiwe kwenye sufuria inayochemka, utakatika.

Kilichobaki

Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Sufuria nzito iliyojaa inachukua saa nyingi kupoa, kwa hiyo gawa kwenye vyombo bapa, kina kisizidi sentimita 5, ndipo uweke kwenye jokofu. Inakaa siku 3 hadi 4. Kwenye barafu ni miezi 2 hadi 3, ukiacha sentimita 2 juu ya chombo kwa ajili ya kutanuka, na bila parachichi wala mtindi ndani. Asiye na jokofu apike nusu ya kipimo: kuchemsha tena supu iliyolala nje si kinga, kwa sababu baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hazifi kwa moto.

Siku ya pili itakuwa nzito zaidi, wanga ukiwa umevuta maji. Ongeza nusu kikombe cha maji kwa kila bakuli mbili, ipashe mpaka itokote katikati na si kingoni tu, kisha ukamue ndimu mpya, kwa kuwa harufu ya ile ya jana imeshapotea. Ikiwa nzito mno kuitwa supu, iache hivyo hivyo: ikaushe kidogo kwenye kikaango na uifungie ndani ya tortilla.